Kwanini watu weusi Marekani wanatoa picha ukutani kabla mthamini hajaja

Mwaka juzi dada mmoja wa kwetu Tanga, anaishi Prince George's County kule Maryland, alinipigia simu usiku akaniambia mdogo wangu kesho asubuhi usiende popote, njoo unisaidie kutoa picha ukutani. Nikajua anataka kupaka rangi. Nilivyofika nikakuta hamna rangi wala brashi, kuna maboksi tu. Tukatoa picha ya harusi yao, ile mumewe kavaa kanzu na kofia ya vito, tukatoa ya mama yake kajitanda kanga, tukatoa za watoto na majoho ya graduation, kapu la ukili lililokuwa juu ya friji, na mwisho akaingia bafuni mwenyewe akatoka na mfuko una mafuta ya nywele na vitana, vyote vikaingia kwenye buti la gari langu. Kuta zikabaki na alama za mraba zilizopauka pale picha zilipokuwa na yeye akawa anapitisha sponji yenye maji huku na huku, anaogopa mtu ataona kuna vitu vimetolewa. Alafu akawachukua watoto wakaondoka, akabaki mfanyakazi mwenzake, mama wa kizungu, ndo atakayemfungulia mlango mthamini, yaani mtu anayetumwa na benki kukadiria bei ya nyumba.

Mthamini alikaa kama nusu saa tu. Akapima vyumba na kile kifaa cha leza, akapiga picha jiko, bafu, besimenti yaani sehemu ya chini ya ardhi, akazunguka nje kuangalia paa, akaaga. Namba ilipotoka ilikuwa nzuri, dada akapata mkopo wake, picha zikarudi ukutani. Ila kuna swali hana jibu lake mpaka leo: ile namba ilikuwa nzuri kwasababu picha hazikuwepo, au ingekuwa ileile hata mama yake angekuwa anamwangalia mthamini kutoka ukutani? Kesi zote za ubaguzi kwenye uthamini wa nyumba Marekani zinazunguka hilohilo swali, na nimeamua kuandika manake kwenye magrupu yetu ya diaspora watu wanaliongelea nusunusu, huyu anasema weusi wanapenda kulalamika, yule anasema kila mthamini ni mbaguzi, wakati jambo lenyewe lina mafundo mengi kuliko hapo.

Tuanze na kazi yenyewe inavyofanyika, ukishaielewa hiyo mengine yote yanafuata.

Ukinunua nyumba kwa mkopo Marekani, au ukitaka kurifainansi, yaani kufuta mkopo wa zamani na kuchukua mpya wenye riba nafuu au kutoa hela kidogo kutokana na nyumba kupanda thamani, benki haiwezi kuchukua neno lako wala neno la dalali. Kwa kawaida inaagiza mthamini mwenye leseni aje aangalie nyumba aandike ripoti. Na mthamini hakisii tu, ana utaratibu: anatafuta nyumba zinazofanana na yako zilizouzwa karibuni jirani, kwa kawaida tatu au zaidi, alafu anaanza kujumlisha na kutoa. Nyumba ya jirani ina bafu la ziada, anapunguza. Yako ina besimenti iliyomaliziwa vizuri, anaongeza. Ile ina gereji ya magari mawili yako ina ya gari moja, anarekebisha tena. Mwisho anaandika namba moja, na kwa lugha ya fani yao ile namba inaitwa maoni ya thamani. Maoni. Ni maoni ya mtu mmoja aliyekaa nyumbani kwako nusu saa, ila yakishaingia kwenye faili la benki yanakuwa kama maandiko, kila kitu kinahesabiwa kutokea hapo.

Sasa angalia sehemu ambazo huyu mtu anaamua kwa kichwa chake. Anaamua mtaa wako unaanzia wapi na kuishia wapi. Anaamua nyumba zipi tatu ni "kama yako" kati ya labda kumi na tano zilizouzwa. Anaamua hali ya nyumba ni nzuri au ya wastani. Anaamua ile dola elfu kumi uliyoweka jikoni ina thamani gani sokoni. Hamna hata kimoja hapo ambacho lazima ataje rangi ya mtu, na rangi inaweza ikapita katikati ya vyote hivyo bila kuacha alama ya kiatu.

Kesi iliyofanya watu wengi wafungue macho ni ya Marin City, California. Marin County ni moja ya sehemu zenye hela sana Marekani, ng'ambo ya daraja la Golden Gate ukitoka San Francisco, na ndani yake kuna hiki kitongoji kidogo kilichoanza wakati wa vita vya pili vya dunia, wafanyakazi walipoletwa kujenga meli kule Sausalito. Vita vilipoisha wafanyakazi weupe wakanunua nyumba sehemu nyingine za kaunti, weusi wakazuiwa, hati za nyumba zenyewe zilikuwa na masharti kwamba asiuziwe mtu asiye mweupe, kwahiyo wakabaki palepale Marin City. Wanandoa weusi wakanunua nyumba hapo 2016, wakaongeza ghorofa na eneo, wakatumia kama dola 400,000 kuikarabati. Mwanzoni mwa 2020 wakataka kurifainansi, akaja mthamini, akaandika dola 995,000. Walishangaa kwasababu mwaka mmoja kabla nyumba hiyohiyo ilithaminiwa dola 1,450,000. Wakaomba uthamini mwingine, wiki chache baadae, ila safari hii wakatoa picha zao, rafiki yao wa kizungu akaleta za familia yake akazipanga, akajifanya ndo mwenye nyumba. Namba ikatoka dola 1,482,500.

Tofauti ni karibu dola laki tano ndani ya wiki chache, nyumba haijaongezwa hata msumari.

Wakafungua kesi Desemba 2021 kwenye mahakama ya shirikisho. Na ukisoma walichokuwa wanadai utaona picha za ukutani ni mlango tu wa kuingilia, kiini cha kesi ni nyumba za kulinganishia. Mthamini wa kwanza aliichukulia Marin City kama kisiwa, eneo lenye soko lake peke yake, kwahiyo nyumba yao haikupimwa kwa uzito sawa na nyumba za Sausalito au Mill Valley ambazo ziko dakika chache tu kwa gari. Sasa hapo ndo fundo lilipo: mthamini anaweza kukuambia mimi sijaangalia rangi ya mtu, nimeangalia soko, na soko linasema nyumba za Marin City zinauzwa bei ya chini. Ni kweli zinauzwa bei ya chini. Ila kwanini zinauzwa bei ya chini, na nani alichora ule mstari unaoitenga Marin City na majirani zake? Kesi iliisha 2023 kwa kumalizana, hela haikutangazwa, mthamini akakubali pamoja na mambo mengine kuhudhuria mafunzo kuhusu historia ya ubaguzi wa nyumba hapohapo Marin County.

Ya pili ni Baltimore, hii ina uzito wa aina yake kwasababu wenye nyumba walikuwa wanandoa weusi, wote wakifundisha chuo kikuu cha Johns Hopkins, na mume ni mwanahistoria ambaye fani yake hasa ni rangi na biashara ya nyumba Marekani, yaani jambo alilokuwa analisoma kwenye makaratasi lilimfuata sebuleni. Waliishi Homeland, mtaa wa watu weupe wengi. Walinunua nyumba kwa dola 450,000 mwaka 2017, wakaitengeneza, na 2021 wakaomba kurifainansi. Mthamini akaandika dola 472,000, mkopo ukakataliwa. Miezi michache baadae wakaenda kwa mkopeshaji mwingine, picha zikatolewa, mwenzao mweupe akapokea wageni, namba ikaja dola 750,000.

Hebu tupige hesabu ujue hiyo inamaanisha nini mfukoni. Chukua mfano benki inakubali kukopesha mpaka asilimia 80 ya thamani: kwa 472,000 mwisho wako ni 377,600, kwa 750,000 mwisho wako ni 600,000. Hiyo tofauti ndo ada ya chuo ya mtoto, ndo mtaji wa biashara, kwa sisi wengine ndo nyumba ya mama kule nyumbani. Na kuna kitu kingine watu wanasahau, 2021 riba ilikuwa chini sana, mkopo wa miaka 30 ulikuwa unazunguka asilimia 3, ilipofika Oktoba 2022 riba ikapita asilimia 7, kwahiyo aliyekataliwa wakati ule hakuambiwa subiri kidogo, mlango ulifungwa kabisa.

Mimi nimekaa sana na hii kesi ya Baltimore kwasababu inaonyesha pande zote mbili. Mthamini alikana katakata, akasema kazi yake ilikuwa sahihi, na yeye akawafungulia wanandoa hao madai ya kumchafulia jina. Na upande wake una hoja ambayo huwezi kuipuuza: uthamini wa pili ulifanyika miezi kadhaa baadae, soko lilikuwa linapanda kwa kasi, na wathamini wawili waaminifu kabisa wanaweza kutoa namba tofauti kwa nyumba moja. Lakini soko la Baltimore halikupanda asilimia 59 kwa miezi michache, hata kama lilikuwa linakimbia. Mkopeshaji, kampuni ya loanDepot, alimalizana na wanandoa hao 2024 bila kukiri kosa, akakubali kubadilisha taratibu zake za kushughulikia malalamiko ya uthamini.

Ziko nyingine. Indianapolis mwaka 2020 mama mmoja mweusi alithaminiwa dola 125,000, akajaribu kwingine akapata 110,000, mara ya tatu akaacha kutaja rangi yake kwenye fomu, akawasiliana kwa email tu ili wasisikie sauti yake, akatoa picha, mume mzungu wa rafiki yake akajifanya kaka yake, ikatoka 259,000. Fikiria mtu anaficha mpaka sauti yake.

Kuna wanaosema wathamini wachache wabaya wakifukuzwa mambo yataisha. Hapana, na kuelewa kwanini hapana inabidi turudi nyuma miaka karibu mia.

Mwaka 1933, wakati uchumi umeanguka na watu wananyang'anywa nyumba, serikali ya Marekani ilianzisha shirika linaloitwa HOLC kuokoa mikopo ya nyumba, na shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya mia mbili, kila mtaa ukapewa rangi: kijani ni salama, bluu sio mbaya, njano unashuka, nyekundu ni hatari. Mitaa ya weusi ikapakwa nyekundu karibu yote. Nani walisaidia kujaza hizo karatasi? Madalali, watu wa benki na wathamini wa miji yenyewe. Mwaka huohuo wa 1933 mchumi wa ardhi Homer Hoyt alichapisha utafiti wake wa bei za viwanja Chicago, ndani yake akapanga makabila na mataifa kwa jinsi yanavyoathiri bei ya ardhi, Waingereza na Wajerumani juu, weusi na Wameksiko chini kabisa, na huyu Hoyt baadae akaajiriwa FHA, chombo cha serikali kilichoanzishwa 1934 kudhamini mikopo ya nyumba. Mwongozo wa FHA ukawaelekeza wathamini kwamba kuingia kwa watu wa rangi nyingine mtaani ni dalili ya thamani kushuka. Hiyo haikuwa siri wala haikuwa tabia ya mtu mmoja mwenye roho mbaya, ilikuwa ndo elimu ya fani, unaisomea, unafanyia mtihani, unapewa cheti.

Mtu wa Dar hili hahitaji kufafanuliwa sana. Mkoloni alivyoupanga mji akaweka Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, kila sehemu na masharti yake ya ujenzi, na mpaka leo bei ya kiwanja Oysterbay na cha Manzese hazikai meza moja, ijapokuwa sheria zile zilikufa zamani na hakuna tena anayemuuliza mnunuzi rangi yake.

Marekani sheria ya kukataza ubaguzi wa nyumba ilipitishwa Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Ila vitabu vya wathamini havikubadilika kesho yake. Mwaka 1976, miaka minane baadae, Wizara ya Sheria ilibidi iwashtaki wathamini wenyewe, chama chao kikubwa pamoja na vyama vingine vya sekta ya mikopo, kwasababu mafunzo yalikuwa bado yanafundisha kwamba mtaa wenye watu wa aina moja ndo una thamani imara. Chama cha wathamini kikamalizana na serikali 1977 na kukubali kubadilisha mafundisho. Hebu piga hesabu: kijana aliyefundishwa kazi mwaka 1975 ndo mzee aliyefundisha wengine miaka ya 1990.

Na hii kazi hurithishwa kweli. Kwa miaka mingi ili upate leseni ilibidi ukae chini ya mthamini mzoefu akusimamie masaa mengi, na mzoefu hana sababu ya kumfundisha mtu atakayekuja kumnyang'anya wateja, kwahiyo anamfundisha mwanae au mpwa wake. Ndo maana zaidi ya asilimia 90 ya wathamini Marekani ni weupe. Sisemi mtu mweupe hawezi kuthamini nyumba ya mtu mweusi kwa haki, wapo wengi wanaofanya hivyo kila siku, ninachosema ni kwamba fani nzima imeangalia mitaa ya weusi kutokea nje, kupitia kioo cha gari.

Sasa utafiti unasemaje? Taasisi ya utafiti ya Brookings mwaka 2018 walilinganisha nyumba za mitaa ya weusi wengi na nyumba zinazofanana nazo kwenye mitaa yenye weusi wachache sana, wakaondoa tofauti za ubora wa nyumba na huduma za mtaa, wakabaki na pengo la asilimia 23, kama dola 48,000 kwa nyumba, jumla dola bilioni 156. Hapo wakajibiwa. Watafiti wa AEI, taasisi nyingine ya utafiti, wakasema hamjaondoa vitu vyote, mkiweka hali ya kiuchumi ya wakazi pengo linapungua sana, kwahiyo linaloonekana ni suala la kipato kuliko rangi. Mimi naona jibu hilo lina ukweli ndani yake ila linajizunguka, kwasababu kipato na utajiri wa familia nyeusi kule umepungua kwa sehemu kubwa kutokana na hizohizo nyumba, ukiondoa utajiri kwenye hesabu umeondoa na jeraha lenyewe.

Alafu Brookings walikuwa wanapima bei za mitaa, sio mkono wa mthamini. Kwa mkono wa mthamini angalia Freddie Mac, hawa ni wanunuzi wakubwa wa mikopo, walitoa ripoti Septemba 2021 baada ya kupitia uthamini zaidi ya milioni 12 wa nyumba zinazouzwa. Hapa kipimo ni safi zaidi: mnunuzi na muuzaji wameshakubaliana bei, sasa mthamini anaandika chini ya ile bei au hapana? Kwenye maeneo ya weupe wengi ilitokea asilimia 7.4, kwenye maeneo ya weusi asilimia 12.5, kwenye maeneo ya Walatino asilimia 15.4. Yaani hata pale soko lenyewe limeshasema, mtu mzima ametoa hela yake kwa hiari, bado karatasi inasema hapana haifiki.

Fannie Mae, wanunuzi wakubwa wa mikopo kama Freddie Mac, nao 2022 wakaja na kitu ambacho wengi hawakukitegemea. Walipoangalia kurifainansi, nyumba za weusi zilikuwa chini ya makadirio ya kompyuta kwa kiasi kidogo tu. Kilichojitokeza zaidi ni nyumba za weupe kupandishwa juu ya makadirio, hasa zile zilizopo kwenye mitaa ya weusi wengi. Soma tena hiyo. Sio lazima mtu mweusi apunguziwe ili ubaguzi uwepo, inatosha mwenzake aongezewe, na huyo aliyeongezewa hajui, hatokuja kushtaki mtu, haitoki kwenye gazeti.

Serikali nayo iliposoma sehemu ya maelezo kwenye ripoti, pale mthamini anapoandika kwa maneno yake, FHFA, mamlaka inayosimamia Freddie Mac na Fannie Mae, ikatangaza Desemba 2021 kwamba imekuta ripoti zinazotaja waziwazi rangi na asili ya wakazi wa mtaa. Hiyo ni zaidi ya miaka 50 baada ya sheria ya 1968.

Na ukitaka kuchanganyikiwa kabisa angalia upande wa kodi. Yule mthamini wa benki ni mwingine, wa kodi ya kaunti ni mwingine. Watafiti waliolinganisha kodi za majengo nchi nzima walikuta familia nyeusi na za Kilatino zinalipa asilimia 10 hadi 13 zaidi ya weupe wanaopata huduma zilezile, kwasababu kaunti inakadiria nyumba zao juu kuliko soko. Kwahiyo ukuta uleule, ukitaka kukopa ni wa bei chee, ukitaka kutozwa ni wa bei mbaya.

Kwanini basi usilalamike tu benki wakubadilishie? Hapa kuna kitu kilitengenezwa kwa nia njema. Kabla ya 2008 benki na madalali walikuwa wanawabana wathamini wapandishe namba ili mikopo ipite, soko lilivyoanguka zikawekwa sheria kali kuanzia 2009 na 2010 kwamba mkopeshaji asimguse mthamini, katikati yakawekwa makampuni ya kusimamia, yanayopokea oda na kumpa mthamini yeyote aliyekubali malipo, hata kama anatoka mbali na mtaa wako haujui. Matokeo yake mwenye nyumba akilalamika, mkopeshaji anasema sheria hainiruhusu kumwingilia, kampuni ya katikati inasema sisi tunapitisha karatasi tu, mthamini anasema mteja wangu ni benki sio wewe, siruhusiwi kuongea na wewe. Unazungushwa kama mtu anayetafuta faili lake kwenye ofisi ya ardhi.

Ndo maana kilichoandikwa na Wizara ya Sheria kwenye kesi hizi kina umuhimu kuliko hela zilizolipwa. Kwenye kesi ya Marin 2022 na ya Baltimore 2023 serikali ilipeleka maoni yake mahakamani, ikasisitiza kwamba sheria ya 1968 inawagusa wathamini moja kwa moja, na kwamba mkopeshaji hawezi kujificha nyuma ya karatasi ya mthamini kama alijua au alitakiwa kujua ina ubaguzi. Oktoba 2024 wizara ikaenda mbali zaidi ikafungua kesi yenyewe Denver, kwa niaba ya mama mweusi aliyedai kwamba alipolalamika kuhusu namba, maombi yake ya mkopo yalifutwa. Rocket Mortgage, kampuni ya mikopo iliyokuwa mmoja wa walioshtakiwa, ilikana na yenyewe ikaishtaki wizara ya nyumba, ikisema serikali hiyohiyo inatukataza kuwaingilia wathamini alafu inatushtaki kwa kutowaingilia. Hoja yao sio ya kutupwa, ila haimsaidii mtu aliyefutiwa mkopo.

Biden alitangaza kikosi kazi cha kushughulikia jambo hili Juni 2021 akiwa Tulsa, siku ya kukumbuka miaka mia ya mauaji ya weusi pale, na 2024 zikatoka taratibu za kumpa mkopaji njia rasmi ya kuomba uthamini uangaliwe upya. Mwaka 2025 chini ya Trump wizara ya nyumba ikaufuta mwongozo wake wa mwaka uliotangulia. Sheria zenyewe hazikufutwa, ya 1968 ipo, ya mikopo ya haki ya 1974 ipo, hata ile ya haki za kiraia ya 1866 bado inatumika kwenye kesi hizi, na kanuni za wathamini wenyewe tangu Januari 2024 zina sehemu nzima ya kukataza ubaguzi. Kilichopungua ni mkono wa serikali wa kukushikia mwavuli, sasa hivi unatembea na wakili wako au na mashirika ya haki za makazi.

Kwahiyo wewe ndugu yangu uliye Columbus, Dallas, Minneapolis, ukipata namba inayokushangaza, ya kwanza kabisa omba ripoti yote, ni haki yako kisheria kupewa nakala na benki haiwezi kukunyima. Usianze na namba, fungua ukurasa wa ramani. Kuna nukta ya nyumba yako na nukta za nyumba za kulinganishia. Angalia nukta zimekaa wapi. Kama zote zimelala upande mmoja wa barabara kubwa, upande wa weusi, na kuna nyumba inayofanana zaidi na yako mitaa miwili upande wa pili iliuzwa mwezi uliopita ikaachwa, hapo una kitu cha kushika. Angalia pia kama vyumba vimehesabiwa sawa, kama ule ukarabati umeandikwa, kama ukubwa wa eneo ni sahihi, mara nyingine kosa ni la kawaida tu na linarekebishika bila ugomvi. Andika barua, taja anwani za nyumba zilizoachwa na bei zake na tarehe zilizouzwa, ambatanisha risiti na vibali vya ujenzi, mpelekee mkopeshaji kwa maandishi, sio kwa simu. Simu haina nakala.

Na kama unaona ni ubaguzi, kalenda ndo adui yako mkubwa. Malalamiko kwa HUD, yaani ile wizara ya nyumba, ni ndani ya mwaka mmoja, kufungua kesi mahakamani chini ya sheria ya 1968 ni ndani ya miaka miwili. Yule dada wa Tanga sasa ana folda kwenye simu, kabla ya kila uthamini anapiga picha kila chumba kama kilivyo, na picha za familia zikiwa ukutani. Mara ya mwisho alikataa kuzitoa. Mumewe alimsihi sana, akamwambia baba fulani, wewe toa zako kama unataka, ya mama yangu itabaki hapohapo, na mimi ndo nitafungua mlango.